Panya wa makucha meusi katika milima ya Bale

Kusini mashariki mwa Ethiopia, ukiupita msitu wa Harenna, ardhi hupanda hadi uwanda wa Sanetti, ulio karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Miti haioti huko. Kuna nyasi fupi, vichaka vya rangi ya kijivu na baridi inayogandisha maji usiku. Katika nyanda hizo anaishi panya ambaye wataalamu humwita Lophuromys melanonyx, yaani mwenye makucha meusi. Jina hilo alipewa mwaka 1972, na hapatikani nje ya Ethiopia.

Manyoya yake ni magumu kama brashi. Baadhi ya jamaa zake wa misituni hula wadudu kwa wingi, ilhali yeye hutegemea zaidi nyasi na majani. Aidha, panya wengi husubiri giza ndipo watoke. Huyu hutoka mchana, jua linapopasha ardhi joto.

Tabia hiyo ndiyo inayomkutanisha na mbweha wa Ethiopia, mnyama mwekundu wa jamii ya mbwa ambaye naye huwinda mchana. Mbweha waliokomaa hawafiki 500 duniani, na zaidi ya nusu yao wako Bale. Huishi kwa koo, hulinda eneo lao kwa pamoja, lakini kila mmoja huwinda peke yake, maana windo lenyewe ni dogo mno kugawana. Huko Bale, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mawindo yao ni panya na fuko.

Habari za mbweha hao huhusu zaidi kichaa cha mbwa, na ni haki, kwani maradhi hayo yamewaua wengi. Hata hivyo, chanjo haiwezi kumlisha mbweha. Mifugo inapolisha kupita kiasi, na mashamba ya shayiri yanapopanda mlimani, panya hukosa chakula na maficho. Wachungaji nao wana shida yao, kwa kuwa malisho ya mabondeni yamegeuzwa mashamba. Joto likizidi, panya huyu hana pa kuhamia: kilele cha Tullu Dimtu, mita 4,377, ndicho kirefu kuliko vyote Bale.

Hifadhi ya taifa ilianzishwa huko mwaka 1970, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watu na mifugo yao wangali wakiishi ndani ya mipaka yake.