Kirusi, Malaria na Ramani: Historia ya Utafiti wa Limfoma ya Burkitt Afrika Mashariki kwa Kuangazia Kasingirima, Kigoma

1.0 Utangulizi

Kasingirima ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa hilo uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Eneo hilo lina joto karibu mwaka mzima, mvua za kutosha na malaria iliyozoeleka. Katika miaka ya 1960 sifa za namna hiyo ndizo zilizotumika kubainisha mipaka ya saratani moja ya watoto, ambayo uchunguzi wake ulifichua kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Makala haya yanajadili namna ujuzi huo ulivyojengwa. Hoja yake kuu ni kwamba ramani iliyosaidia kuelekeza utafutaji wa kirusi ilichorwa kutokana na kumbukumbu za hospitali. Kwa hiyo, kila nafasi tupu katika ramani hiyo inahitaji kusomwa kwa tahadhari.

2.0 Kutoka Mulago hadi Ramani

Mwaka 1957, Hugh Trowell alimwita Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, amwone mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, huko Jinja, Burkitt alimwona mtoto wa kike mwenye uvimbe kama huo, naye akakutwa pia na uvimbe tumboni. Ndipo alipoanza kuona kwamba vimbe zilizokuwa zikiandikwa kama maradhi mbalimbali zingeweza kuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958 akiuita sarkoma. Baadaye, Gregory O'Conor, mwanapatholojia aliyefanya kazi Kampala, alionesha kuwa ni limfoma, yaani saratani inayotokana na chembe nyeupe za damu zinazokinga mwili.

Burkitt alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza ni wapi ugonjwa huo umeonekana. Mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, alisafiri kwa gari pamoja na Edward Williams na Clifford Nelson takribani kilomita 16,000 na kutembelea hospitali 57. Ilibainika kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa adimu katika maeneo yaliyozidi mita 1,500 hivi, na kwamba kadiri walivyoelekea kusini ndivyo kikomo hicho kilivyoshuka. Kilichoamua hakikuwa mwinuko wenyewe, bali joto na mvua. Dhana ya kirusi kinachoenezwa na mbu ikapata nguvu.

Hata hivyo, mbinu hiyo ilimhesabu tu mtoto aliyefikishwa kwa daktari na kuandikwa. West Nile ilijulikana vizuri kwa kuwa Williams, katika Hospitali ya Kuluva, alitunza kumbukumbu makini za wagonjwa wake. Huko Mara, Hospitali ya Shirati ilikuwa na nafasi ya namna hiyo. Tofauti ya idadi kati ya wilaya na wilaya inaweza kueleza tofauti ya ugonjwa, tofauti ya huduma, au zote mbili.

3.0 Kirusi na Masharti Yake

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Sampuli za vimbe zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Desemba 1963, ukungu ulilazimu ndege moja kutua Manchester. Sampuli ilipofika maabara, kimiminika chake kilikuwa na utusitusi na kikadhaniwa kimeingiliwa na bakteria. Kumbe zilikuwa seli hai zinazoelea. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi kupitia hadubini ya elektroni. Kirusi kilipewa jina la Epstein na Barr. Watoto waliotoa sampuli hizo hawakutajwa.

Ugunduzi huo ulizua swali jipya. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watu wazima walio wengi duniani wanacho. Kwa nini basi limfoma hii iwasibu zaidi watoto wa ukanda mmoja? Kuanzia 1972, watafiti walikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 huko West Nile kabla hawajaugua. Matokeo ya 1978 yalionesha kwamba waliopata limfoma baadaye walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kirusi hicho. Huko Mara Kaskazini, klorokwini ilitolewa kwa watoto kati ya 1977 na 1982. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa, hivyo jaribio halikutoa uthibitisho kamili kuhusu malaria.

Maelezo yanayokubalika sasa yanaunganisha mambo matatu. Kirusi huzisaidia seli B kuendelea kuishi. Malaria ya mara kwa mara huzichochea kugawanyika na hudhoofisha udhibiti wa kirusi. Na katika mgawanyiko huo vipande vya kromosomu, hasa ya 8 na ya 14, hubadilishana nafasi na kuiachia jeni ya MYC ifanye kazi bila kizuizi. Kirusi peke yake hakitoshi.

4.0 Hitimisho

Mtoto wa Kasingirima na mtoto wa London wanaweza kubeba kirusi kilekile. Kinachowatofautisha ni umri wa kuambukizwa, mzigo wa malaria, na umbali wa tiba. Jambo la mwisho si dogo, kwa kuwa uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi, na tangu miaka ya 1960 imejulikana kwamba unaitikia dawa. Mtoto anayechelewa kati ya zahanati, Hospitali ya Maweni na Bugando, Mwanza, hupoteza muda ambao ungeweza kumwokoa. Anayefariki nyumbani haingii katika takwimu yoyote. Kwa sababu hiyo, rejista za zamani za hospitali na vituo vya afya vya Kigoma zinastahili kuhifadhiwa na kusomwa upya. Bila rejista hizo, uchache wa wagonjwa walioandikwa hauwezi kuchukuliwa kuwa uchache wa ugonjwa.