Kushirikiana sikukuu za kidini nchini Tanzania

Kushirikiana sikukuu za kidini ni desturi ya Watanzania wa dini mbalimbali kualikana, kupelekeana chakula na kutakiana heri wakati wa sikukuu.

Miongoni mwa siku za mapumziko kwa wananchi wote ni Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi, Idi el-Fitri, Idi el-Haji na Maulidi. Krismasi huwa tarehe 25 Desemba. Sikukuu za Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka huwahi kwa takriban siku 11.

Siku ya sikukuu, jirani huletewa pilau katika sahani iliyofunikwa. Sahani hiyo kwa kawaida hairudishwi tupu. Watoto huenda nyumba hadi nyumba bila kuulizwa dini. Familia nyingi pia zina ndugu wa dini zote mbili.

Jambo linalohitaji uangalifu ni nyama. Mwislamu hali nguruwe, wala mnyama asiyechinjwa kwa taratibu za dini yake. Kwa hiyo Wakristo wengi wanaotarajia wageni humwomba Mwislamu awachinjie. Si wote waliokubali desturi hiyo: Februari 2013 mzozo juu ya kuchinja ulizusha ghasia Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja aliuawa.

Kushirikiana huku si kuchanganya ibada. Mgeni hukaribishwa kula. Swala na misa hubaki kwa wenyewe.