Sayuni ya Mlima Elgon na hesabu ya unabii

Akifa mzee mkubwa wa Kibukusu, mazishi hayamalizi mambo. Hubaki kumuse. Watu huketi wakiacha njia katikati ya uwanja, na omuswala, mwenye vazi la ngozi na fimbo mkononi, huipita njia hiyo huku na huko akinena. Hutaja koo, vita, na safari ya mababu kutoka Misri. Kisha hufika kwa bang'osi, wale waliojaliwa kuona ya mbele: Mutonyi wa Nabukelembe na Maina wa Nalukale, ambao huhesabiwa kuwa walitabiri kuja kwa wageni weupe. Hakuna anayemkatiza omuswala. Mjadala huja baadaye, watu wakishatawanyika: je, maneno hayo yalitimia kama yalivyosemwa, au yamenyooshwa yakalingana na yaliyotokea?

Swali hilo si la Bungoma, nyumbani kwa Wabukusu, peke yake, na limewahi kuletwa katika nchi hii na watu wa mbali kabisa. Mwaka 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wayahudi nafasi ya kujenga makao katika Afrika Mashariki. Eneo lililotajwa baadaye lilikuwa maili za mraba 5,000 za uwanda wa Uasin Gishu, mahali ulipokuja kusimama mji wa Eldoret. Wayahudi wa Kishinev, katika milki ya Urusi, walikuwa wameuawa mwezi Aprili mwaka huohuo, na Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alitaka kimbilio la haraka. Mkutano wao wa Basel mwezi Agosti ulipiga kura: 295 walikubali ardhi hiyo ichunguzwe, 178 wakakataa. Waliokataa kwa nguvu zaidi ndio wajumbe wa Urusi, yaani wale wale waliokuwa wakiuawa.

Wengi wao hawakuwa watu wa sala. Hata hivyo walishikilia kwamba ahadi ya kurudi iliyomo katika Yeremia na Ezekieli ina jina la mahali, na mahali hapo ni Sayuni. Ukibadilisha mahali, umeandika unabii mwingine. Herzl mwenyewe alifunga mkutano akiinua mkono wa kulia na kula kiapo cha Zaburi ya 137, kuwathibitishia kwamba hakuisahau Yerusalemu. Tume ya watu watatu ilifika mwanzoni mwa 1905, ikauzunguka uwanda, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukalitupa wazo hilo. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya ng'ombe, nao pia wakiwa na Biblia. Waliokuwa wakilisha mifugo pale hawakuulizwa neno na yeyote kati ya hao.

Kisha likaja jibu kutoka upande wa Mlima Elgon. Elijah Masinde, kijana wa Kimilili na mchezaji kandanda hodari, alilelewa katika Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Aliisoma Biblia yao, akaachana nao, na katika miaka ya 1940 akawa kinara wa Dini ya Msambwa. Mungu wake alikuwa Wele wa mababu. Lakini hakuitupa Biblia, aliihamisha. Kwa wafuasi wake Mlima Elgon ndio Sayuni, na huko walipanda kuomba. Wana wa Israeli waliokuwa utumwani walikuwa ni wao wenyewe, na Farao alikuwa mzungu mwenye shamba la mahindi Trans Nzoia. Nasema hivi kwa heshima: huo haukuwa uchanganyaji wa mtu asiyeelewa. Watu ambao omuswala wao anataja Misri katika kila kumuse walikuwa na sababu ya kuona kitabu cha Kutoka kinazungumza nao.

Serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, mwaka 1945, ikamwachia mwaka 1947. Mwaka huohuo aliongoza umati hadi Chetambe, ngome iliyo juu ya Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na kikosi cha Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa Malakisi wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu. Alisema mzungu ataondoka. Mzungu akaondoka, mashamba ya Trans Nzoia yakaanza kugawanywa, na marufuku ikaondolewa mwaka 1964. Miaka minne baadaye serikali ya Waafrika wenyewe ikaipiga marufuku dini hiyo tena.

Je, unabii huo ulitimia? Wazee wengi wanasema ndiyo bila kusita. Mimi naona tuwe na kipimo, na Biblia yenyewe inacho. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inasema wazi: alilosema nabii lisipotokea, hakutumwa na Mungu. Ni kipimo kikali, na manabii wakubwa hawakukikwepa. Chukua Tiro. Katika sura ya 26, Ezekieli anasema Nebukadreza ataubomoa mji huo na hautajengwa tena. Mfalme aliuzingira miaka 13. Halafu, katika sura ya 29, kitabu kilekile kinakiri kwamba jeshi lake lilichoka bure, halikupata ujira Tiro, na sasa litapewa Misri badala yake. Wanaoutetea unabii huu hukumbusha kuwa ulitaja mataifa mengi, na kwamba Aleksanda aliuteka mji huo mwaka 332 KK kwa kutupa vifusi baharini. Wanaoupinga hufungua Matendo ya Mitume sura ya 21, ambapo Paulo anakaa Tiro siku saba kwa wanafunzi, na hukumbusha kwamba mji huo upo Lebanoni hadi leo.

Sitaamua ugomvi huo hapa. Kinachonigusa ni kwamba waandishi wa Ezekieli waliacha maneno yote mawili, la kwanza na la pili, kila moja na mwaka wake. Wangeweza kulifuta la kwanza. Hawakulifuta, na kwa sababu hiyo sisi, zaidi ya miaka 2,500 baadaye, tunaweza kubishana kwa haki.

Sasa tazama unabii unaovuma kuliko wote Bungoma. Inasemwa Masinde alitabiri kwamba uongozi wa nchi utafika kwa Waluhya, ambao Wabukusu ni sehemu yao, baada ya kupitia kwa jirani zao wa kandokando ya ziwa. Kila msimu wa kampeni maneno hayo hufufuka. Raila Odinga, mtu wa ziwani, alipokuwa waziri mkuu, mwaka 2008 hadi 2013, wako waliosema sharti limetimia, na wako waliosema bado, maana alikusudiwa rais. Mwanasiasa mmoja huutumia kuwaambia watu wamuunge mkono mtu wa ziwani. Mwingine huutumia kuwaambia wangoje zamu yao. Nani ana maneno yenyewe, yaliyoandikwa siku yaliposemwa? Masinde alifariki mwaka 1987. Unabii usio na maandishi wala tarehe hauwezi kushindwa, na kwa hiyo hauwezi kushinda.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu. Jehova Wanyonyi aliwaambia wafuasi wake kwamba yeye ndiye Mungu. Alipofariki mwaka 2015, walikataa kukubali. Mwezi Mei 2023, mwezi mmoja baada ya miili ya waumini waliofunga hadi kufa kuanza kufukuliwa Shakahola, Eliud Wekesa, yule anayeitwa Yesu wa Tongaren, alihojiwa na kufikishwa mahakamani Bungoma, kisha akaachiwa huru. Kumfananisha na Shakahola si haki. Lakini Wakenya walijifunza mwaka ule kwamba muumini asiyeruhusiwa kuuliza anaweza kuongozwa popote.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na unabii wa Masinde utasikika tena kwenye majukwaa ya Kimilili, Webuye na Kitale. Wako bado wazee waliomsikia kwa masikio yao, na kila mwaka wanapungua. Wewe msomaji, kama mmoja wao ni babu yako au nyanya yako, keti naye wiki hii. Andika anachokumbuka, kwa Kibukusu chake mwenyewe, bila kukinyoosha, kisha weka tarehe.