Kambi, Kampasi, Kampeni

Jioni moja kwenye kikundi cha vijana, mmoja aliniuliza: "Kaka, hivi kambi ni Kiswahili kweli?" Kazaliwa hapahapa Nyarugusu, ana miaka 17, na jezi ya Manchester United haimtoki mwilini. Nikamwambia ngoja nitafute.

Kambi tumeichukua kwa Waingereza, camp. Nao waliichukua kwa Wafaransa karne ya 16. Ukizidi kurudi nyuma unafika Roma, kwenye neno campus, maana yake uwanja tu, ardhi tambarare. Hakuna uzio, hakuna foleni. Mji wa Roma ulikuwa na Campus Martius, uwanja wa Mars, mungu wao wa vita. Vijana walifanya hapo mazoezi ya kijeshi, na raia walikusanyika hapo kupiga kura.

Uwanja huo umezaa watoto wengi. Majeshi yakitoka kwenda uwanjani kupigana, hiyo ndiyo kampeni. Wanasiasa waliiazima baadaye. Bingwa kwa Kiingereza, champion, ni mtu wa kupigana uwanjani. (Kampuni msiitie humo, yenyewe imetoka kwenye mkate, watu wanaokula mkate pamoja.) Halafu kampasi. Mwaka 1774 huko Princeton, Marekani, kiwanja cha chuo kiliitwa campus, na jina likaenea. Kwa hiyo dada zetu wanaoomba ufadhili usiku na mchana, wanataka kutoka kambini waende kampasi, na kumbe ni neno lilelile! Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha.

Maana camp ya Waingereza ilikuwa mahali askari wanapiga mahema kwa muda, kisha wanang'oa. Hata sisi tunajua hivyo: timu ikiingia kambini, baada ya mechi inatoka. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa Katumba na Mishamo, na kule kuliitwa makazi, wakapewa mashamba walime. Wote walikuja wakiwa wakimbizi. Lakini aliyeitwa wa makazi alikuwa na jembe na shamba, na anayeitwa wa kambi ana kadi ya mgao. Kwa hiyo mtu asiniambie jina ni jina tu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Warumi wenyewe kambi ya jeshi hawakuiita campus, waliiita castra. Neno hilo lilibaki Uingereza kwenye majina ya miji, likageuka chester. Manchester ilianza na ngome ya askari wa Kirumi, karibu mwaka 79. Askari waliondoka, jina likabaki.

Nilipomweleza yule kijana alishika nembo kifuani.

"Kwa hiyo Manchester ni kambi?"

"Ilikuwa."

Akafikiri kidogo. "Na wale watu, nani aliwapa ruhusa ya kutoka?"

Nikamwambia wale walikuwa askari, geti walilinda wenyewe.