Mama si 'cooker': Kosa la mwanafunzi lina historia ndefu

MWANAFUNZI anaandika insha ya Kiingereza kumhusu mamake. Anataka kusema kwamba mamake ni mpishi hodari, basi anaandika kuwa mama ni "a good cooker". Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu, darasa linaangua kicheko, na mtoto anaketi akiwa na hakika ya jambo moja tu: kwamba Kiingereza hakimtaki. Hakuna anayemwambia kwamba alifikiri sawasawa.

Hebu tufuate hesabu yake. Afunzaye, yaani "teach", ni "teacher". Aandikaye, yaani "write", ni "writer". Aimbaye, yaani "sing", ni "singer". Sasa apikaye, "cook", aitweje? Kanuni aliifuata vizuri. Kilichomwangusha ni historia, na historia hiyo hakufundishwa.

Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa "cook" lilikuwa nomino. Lilitoka katika Kilatini na maana yake ilikuwa mpishi. Kitenzi cha kupika kilikuja baadaye, kikaundwa kutokana na nomino hiyo. Kwa hivyo kiti cha mpishi kilikuwa kimekaliwa zamani, hata kabla ya kitenzi chenyewe kuzaliwa. Katika karne ya 19, watu walipotafuta jina la chombo cha kupikia, kiambishi "-er" kilikuwa bado hakina kazi kwenye neno hilo, kikachukuliwa. Ndiyo maana "cooker" ni jiko, na mtoto wetu akajikuta amemwita mamake jiko.

Nimeanza na jiko makusudi, kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili leo ni hili: mazoezi ya sarufi na ya uundaji wa maneno tunayowapa wanafunzi wetu katika somo la Kiingereza yalibuniwa na watu wengine, kwa mahitaji ya wanafunzi wengine. Yalipofika kwetu, yaligeuka kuwa chujio la kuwatenga watoto badala ya ngazi ya kuwapandisha.

Tutazame kwanza lugha yenyewe. Kiswahili kinapotaka kuunda jina la sifa, aghalabu kinatumia kiambishi awali kimoja. Huru hutupa uhuru, jasiri ujasiri, kweli ukweli, mwaminifu uaminifu. Mtoto aliyekulia katika utaratibu huo anaingia darasa la Kiingereza akitarajia mpango kama huo. Badala yake anakutana na "freedom", "bravery", "truth" na "honesty". Sifa nne, viambishi tamati vinne. Akiandika "braveness" au "honestness", huo si uzembe. Anatafuta "u-" ya Kiingereza na haioni.

Kwa nini haipo? Kwa sababu Kiingereza kilijaziwa ghala na watu kadha. Maneno "freedom" na "truth" ni ya Kiingereza cha kale. Mwaka wa 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadha Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, mahakama na sheria. Humo ndimo lilimotoka "honesty". Baadaye wasomi waliendelea kuchota katika Kifaransa, Kilatini na Kigiriki. Kila mgeni alikuja na viambishi vyake mkobani.

Fujo hiyo inaonekana wazi zaidi katika ukanushaji. Mwanafunzi huambiwa kwamba kinyume cha "just" ni "unjust". Mbona basi dhuluma si "unjustice" bali ni "injustice"? Mbona "unequal" lakini "inequality"? Jibu ni kwamba kivumishi kilivikwa kiambishi cha Kiingereza, "un-", ilhali nomino iliingia kutoka Kifaransa ikiwa tayari imevaa "in-". Maneno mawili ya mzizi mmoja, mavazi ya nchi mbili. Ukimweleza mtoto hivyo kwa dakika tano, hatasahau. Ukimpa orodha akariri, atakariri leo na kesho asubuhi imeyeyuka.

Sasa tugeukie mazoezi. Zoezi la kusahihisha sentensi yenye makosa lina umri mkubwa. Katikati ya karne ya 18, mwalimu mmoja wa mji wa Newcastle, Ann Fisher, alichapisha kitabu cha sarufi kilichokuwa na mifano ya Kiingereza kibovu ili wanafunzi wakinyooshe. Mbinu hiyo ikapata umaarufu mkubwa mikononi mwa Lindley Murray, Mmarekani aliyekuwa wakili kabla ya kuhamia Uingereza na kuishi karibu na mji wa York. Murray alichapisha sarufi yake mwaka wa 1795, baada ya kuombwa na walimu wa shule ya wasichana mjini humo. Mnamo 1797 akaongeza kitabu kizima cha mazoezi, pamoja na kingine cha majibu. Vitabu vyake viliuzwa kwa mamilioni pande zote mbili za Atlantiki.

Lakini wanafunzi wa Fisher na Murray walikuwa akina nani? Walikuwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Walikisikia jikoni, sokoni na kanisani. Walipoonyeshwa sentensi mbovu, sikio ndilo lililowaashiria kwamba pana kasoro, na kanuni ikaja kuthibitisha. Mpe zoezi hilohilo mtoto wa Turkana au Kwale ambaye Kiingereza anakisikia kwa mwalimu tu. Sikio lake litamwambia nini? Unamlisha kosa kabla hajaonja usahihi.

Mahitaji ya mgeni yalianza kutiliwa maanani kwa dhati baadaye, na mfano mzuri unatoka Japani. Mwingereza Harold Palmer, ambaye mwaka wa 1916 alikuwa amechapisha majedwali 100 ya kubadilisha maneno ndani ya sentensi, alialikwa huko mwaka wa 1922 kuwa mshauri wa ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya utafiti jijini Tokyo. Mwenzake, A. S. Hornby, aliwasili Japani mwaka wa 1924 kufundisha. Hornby na wenzake waliona kwamba mwanafunzi wa kigeni hatatizwi na maana ya kitenzi pekee, bali pia na namna kitenzi hicho kinavyojengewa sentensi. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kamusi iliyochapishwa Japani mwaka wa 1942, kisha ikatolewa na Oxford mwaka wa 1948. Hiyo ndiyo mama wa kamusi ya wanafunzi ambayo wengi wetu tuliipekua tukiwa shuleni.

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana hapa nyumbani. Sisi husema "nieleze", neno moja, na aelezwaye amebanwa mlemle ndani ya kitenzi. Basi mwanafunzi wetu husema "explain me", akiacha "to" katikati. Kosa hilo si la mtoto wa Kiingereza, na kitabu cha Murray hakina dawa yake. Ni kosa la anayevuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na dawa yake ni kuzilinganisha lugha hizo mbili.

Zoezi la tatu ni la kujaza mapengo, ambalo kila aliyefanya KCPE kabla ya mtihani huo kukunja jamvi mwaka wa 2023 analijua, na ambalo liko pia katika KCSE. Lilitoka Marekani. Mwaka wa 1953, Wilson Taylor wa Chuo Kikuu cha Illinois alipendekeza kwamba neno moja liondolewe kila baada ya maneno kadha katika kifungu, kisha wasomaji wajaribu kulirejesha. Alitaka kujua nini? Alitaka kupima kama maandishi ni rahisi kusomeka! Kifungu ndicho kilichokuwa kikitahiniwa, si msomaji. Baadaye mizani ikageuzwa, na leo akishindwa mtoto, hakuna anayeuliza kama kifungu chenyewe kiliandikwa vizuri.

Je, wakati huo wote, hapa Afrika Mashariki mambo yalikuwaje? Hapa pana kinaya kikubwa. Maafisa wa kikoloni, wengi wao wakitakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili, hawakuambiwa wasahau Kiingereza chao. Askofu Edward Steere aliwaandikia wageni mwongozo wa Kiswahili mwaka wa 1870, na aliuandika kwa Kiingereza. Mwaka wa 1944 Ethel Ashton alichapisha kitabu chake cha sarufi kilichoeleza, kwa Kiingereza vilevile, namna viambishi vinavyojenga maneno ya Kiswahili. Mwanafunzi wa Ashton alifunzwa kuona jinsi mzizi mmoja unavyozaa ukoo mzima wa maneno, na kila hatua alisaidiwa na lugha aliyonyonya kwa mamake.

Mtoto wa Kiafrika naye? Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi aliyepatikana akizungumza Kikuyu shuleni alivyochapwa au kuvishwa shingoni kipande cha chuma chenye maandishi ya kumdhalilisha. Ameeleza pia kisa cha mvulana aliyeng'ara katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, na akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye hakumshinda kijana huyo katika masomo mengine, alifaulu Kiingereza na akaingia Shule ya Upili ya Alliance. Chujio ndilo hilo nililolitaja.

Mwaka wa 1961, wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza. Mtaalamu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992, ameonyesha imani zilizojikita katika mkutano huo, mojawapo ikiwa kwamba Kiingereza hufunzwa vyema kwa Kiingereza pekee. Hapa Kenya, mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulikuwa umeshaanza kujaribiwa Nairobi mwaka wa 1957, na Tume ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilijaribu kurudisha lugha ya eneo katika madarasa ya chini, lakini nani asiyejua shule ambazo hadi leo zinaadhibu "lugha isiyofaa"?

Kuna watakaoniambia kwamba kuchanganya lugha kutaharibu Kiingereza cha watoto. Mbona basi wasomaji wa Ashton hawakuharibikiwa? Wengine watauliza tutalinganisha na lugha ipi, ilhali darasa moja la mjini lina watoto wa makabila kumi. Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Lugha ya kulinganishia tunayo, na mwalimu wake yuko afisi iyo hiyo ya walimu.

Tazama ratiba ya siku moja. Saa tatu mwanafunzi yuko kwenye Kiswahili, anaambiwa aunde nomino kutokana na vitenzi: pika, mpishi, upishi, mapishi. Saa tano yuko kwenye Kiingereza, anaambiwa aandike umbo sahihi la neno lililo kwenye mabano. Kazi ni ileile, lakini hakuna anayemwambia. Ustadi alioupata saa tatu anauacha mlangoni.

Pendekezo langu halihitaji bajeti. Mwalimu achore safu tatu ubaoni. Ya kwanza iwe na neno la Kiswahili na zao lake, kama vile huru na uhuru. Ya pili iwe na jozi ya Kiingereza. Ya tatu ieleze neno hilo la Kiingereza lilitoka ghala gani. Baada ya maneno ishirini, wanafunzi wenyewe wataanza kuona kwamba "-ness" hupenda kukaa na maneno ya zamani kama "kind" na "good", na kwamba "-ity" huandamana na wageni wa Kifaransa na Kilatini. Watakosea bado, ndiyo, maana hakuna kanuni isiyovuja. Lakini watakuwa wakikosea huku wanafikiri.

Na yule mtoto wa "cooker"? Mwalimu angemuuliza tu: kwa Kiswahili, mpishi na jiko tunavitofautishaje? Halafu amsimulie kisa cha neno lililotangulia kitenzi chake. Darasa lingecheka vilevile, ila safari hii lingekicheka Kiingereza, si mtoto wa watu.