Macho ya Furu katika Ghuba ya Mwanza

Ibn al-Haytham, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manadhir kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia, wala si kwa miali inayotoka ndani yake. Sisi watu wa Mwanza somo hilo tunalo mlangoni, kwa samaki mdogo aitwaye furu.

Kwenye visiwa vya mawe wapo furu wa aina mbili zinazokaribiana: dume wa buluu, akaaye juu, na dume mwekundu, akaaye chini zaidi, ambako nuru inayofika imeelemea wekundu. (Huyu mwekundu ndiye aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, mwaka 1985.) Jike humchagua dume wa aina yake kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakivurugika uchaguzi huo huharibika. Mwaka 2008 wakaeleza kuwa hata retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, hutofautiana: ya furu mwekundu huona wekundu zaidi. Kisiwani Makobe, penye maji maangavu, aina hizo walizikuta mbalimbali. Luanso, penye maji ya ukungu, zimechanganyika.

Lawama nyingi amebebeshwa sangara, aliyetiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na sehemu yake anastahiki. Lakini mbolea, maji taka na udongo wa mashambani navyo vimelitia ziwa giza. Mafuqahaa wamejadili sana kumuua mnyama bila haja. Hapa hakuna aliyeuawa, bali aina imepotea kwa kutoonana. Aliyetiririsha uchafu huo aingizwe mlango wa itlafu au wa dhara? Sisi tunaegemea dhara, maana mvuvi naye amepunguziwa riziki.