Kampani Mbili za Maji

Zamani maji ya kunywa mjini London yaliuzwa na kampani za watu binafsi. Mwaka 1852 ilitolewa sheria kwamba kampani hizo ziache kuteka maji ya mto Thames mahali palipo na taka za mji, zikateke juu zaidi. Zikapewa muda mpaka 1855. Kampani ya Lambeth haikungoja. Mwaka ule ule ilihamia Thames Ditton. Kampani ya Southwark na Vauxhall ilikaa vivi hivi Battersea, maana siku zilikuwa hazijatimia.

Mwaka 1854 kipindupindu kikaingia. Katika mitaa mingi mabomba ya kampani zote mbili yalipita pamoja, nyumba hii na hii. Daktari John Snow akahesabu waliokufa majuma saba ya kwanza: katika kila nyumba 10,000 za Lambeth, watu 37, za Southwark na Vauxhall, watu 315. Wengi wao hawakujua hata maji yao yalitoka wapi.

Basi sisi wenye visima vyetu na tuangalie. Sheria huweka siku ya mwisho, lakini maradhi hayaingojei. Tukijua kisima kina uchafu, tukisafishe leo.